Umeme Ukirudi, Kanzidata Iwake Yenyewe: Systemd, Cron, Docker au Huduma ya Windows?

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetunza seva moja au mbili huku kwetu Dodoma: ya duka la dawa Majengo, ya zahanati Nzuguni, ya SACCOS kule Kondoa, ya ghala la nafaka Kibaigwa. Umeshasakinisha PostgreSQL, MySQL au MariaDB, mfumo unafanya kazi, na sasa umekwama kwenye jambo linaloonekana dogo: kanzidata iwake yenyewe kila kompyuta inapowaka. Ukiuliza mafundi watatu utaelekezwa njia tatu, na zote zitakubali siku ya kuonyeshwa. Zinaachana baadaye, umeme ukikatika saa nane usiku, ukarudi, ukakatika tena, ukatulia alfajiri, halafu asubuhi mhudumu anafungua dirisha huku wewe uko njiani kwenda Mpwapwa na simu haishiki vizuri.

Kwa hiyo sipimi njia hizi kwa wepesi wa kuziandaa. Zote ni nyepesi, mistari miwili mitatu umemaliza. Nazipima kwa asubuhi hiyo, na kwa mtu atakayekuwa mbele ya ile kompyuta wakati wewe haupo.

## Vigezo vinne

Cha kwanza ni mpangilio. Kanzidata inahitaji vitu vingine vitangulie: diski yenye data iwe imeshaunganishwa, na mara nyingi anwani ya mtandao iwe imeshapatikana. Je, njia unayoichagua inajua kusubiri?

Cha pili ni ikianguka. Kuwaka mara moja ni nusu ya kazi. Kanzidata ikifa saa nne asubuhi kwa sababu kumbukumbu ya RAM imejaa, kuna anayeiinua?

Cha tatu ni ushahidi. Ikigoma, sababu imeandikwa wapi, na inasomeka na mtu asiyekuwepo siku ya kusakinisha?

Cha nne ni mtu. Nani ataitunza? Afisa TEHAMA aliyezoea Linux, mhasibu anayejua Windows pekee, au kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka UDOM ambaye ataondoka baada ya muda mfupi?

## Kwanza kompyuta yenyewe iwake

Hakuna njia kati ya hizi itakayokusaidia kama kompyuta inabaki imezimwa umeme unaporudi. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Linux au Windows haijawaka, tafuta sehemu ya umeme. Kwenye Dell mpangilio huu huitwa AC Recovery, kwenye HP ni After Power Loss, kwingine Restore on AC Power Loss. Chaguo mara nyingi ni tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Wengi huchukua ile ya tatu, Last State, kwa sababu inasikika ya busara. Kwa seva chagua Power On, na sababu yake ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika.

UPS ikiunganishwa na seva kwa waya wa USB, pamoja na programu kama NUT au apcupsd, huiarifu seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Hapo seva imezimwa rasmi. Umeme ukirudi, Last State inakumbuka kwamba mara ya mwisho kompyuta ilikuwa imezimwa, basi inaiacha hivyo hivyo. Ofisi inafunguliwa, taa zinawaka, feni inazunguka, seva imelala.

Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi. Umeme ukirudi baada ya seva kujizima lakini kabla UPS haijaisha chaji, seva haioni kwamba umeme uliwahi kuondoka, kwa hiyo hata Power On haina cha kuitikia. Dawa yake ni UPS kuagizwa ikate umeme unaokwenda kwenye seva baada ya seva kujizima, kisha iuachie tena umeme wa nje ukirejea. NUT ina uwezo wa kutoa agizo hilo kwa UPS zinazolikubali. Jaribu kabla hujanunua UPS ya pili ya aina ile ile.

Na usisahau ile betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, BIOS inaweza kusahau mipangilio yote pamoja na huu, na saa ya kompyuta ikarudi nyuma miaka. Mauzo ya leo yakiingia kwenye kanzidata na tarehe ya miaka ile, kuyasafisha ni kazi ya siku nzima, na betri yenyewe ni ya bei ndogo sana.

## Systemd

Debian tangu toleo la 8, Ubuntu tangu 15.04 na familia ya Red Hat tangu RHEL 7 zinatumia systemd kuwasha huduma zote. Ukisakinisha kanzidata kwa `apt`, Debian na Ubuntu huiwasha na kuisajili papo hapo. Upande wa Rocky na AlmaLinux, za familia ya Red Hat, inabidi uagize mwenyewe:

```
sudo systemctl enable --now mariadb
```

Hapa ndipo panapoangusha wengi. `start` inawasha sasa hivi tu. `enable` inaisajili huduma iwake kila kompyuta inapowaka, lakini sasa hivi haiigusi. `--now` inaunganisha yote mawili. Fundi anaandika `start`, mfumo unakubali, anakunja kompyuta yake na kuondoka. Kanzidata inafanya kazi wiki nzima mpaka umeme ukatike. Kabla hujaondoka andika `systemctl is-enabled mariadb` na hakikisha jibu ni `enabled`. Angalia jina pia: MySQL kwenye Ubuntu ni `mysql`, kwenye familia ya Red Hat ni `mysqld`.

Mpangilio. Hapa systemd ina nguvu kuliko njia nyingine zote, ila haisomi mawazo yako. Ukihamishia data kwenye diski ya pili, iambie. Kwa PostgreSQL ya Ubuntu andika `sudo systemctl edit postgresql@16-main`, kisha:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/data
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=10
```

Mstari wa kwanza wa `[Unit]` unaizuia kanzidata kuwaka kabla diski haijaunganishwa. Miwili inayofuata inaifanya isubiri mtandao, na hilo lina maana kubwa pale ulipoandika anwani maalumu kwenye mipangilio ya kanzidata. Tuseme `listen_addresses` ya PostgreSQL ni `'localhost,192.168.1.10'`, na rauta yako inachelewa kuamka baada ya umeme kurudi. Seva inawaka haraka kuliko rauta, anwani ya 192.168.1.10 bado haipo, PostgreSQL inaandika onyo kwamba imeshindwa kuikamata, halafu inaendelea na `localhost` pekee. Matokeo yake ni ugonjwa unaochanganya: ukikaa kwenye seva yenyewe kila kitu kinafanya kazi, lakini kompyuta ya dirishani na ya mhasibu zote zinakataliwa. Ukiiwasha upya saa tatu, inapona, na hakuna anayejua kilichoiponya. Kwa MySQL mambo ni wazi zaidi, kwa sababu `bind-address` ikikosekana kanzidata inagoma kuwaka kabisa. Dawa nyingine ni kuweka `'*'` kwenye `listen_addresses`, kisha kuzuia wasiohusika kwa `pg_hba.conf`, faili la PostgreSQL linalosema nani aruhusiwe kuunganisha, na ukuta wa moto. Kwa ofisi ndogo zenye rauta ya kawaida naipendelea hiyo, maana haitegemei nani ameamka kwanza.

Ikianguka. `Restart=on-failure` inaiinua kanzidata iliyokufa vibaya na kuiacha ile uliyoizima mwenyewe kwa makusudi. `RestartSec=10` si pambo. Kwa kawaida systemd ikishindwa kuwasha huduma mara 5 ndani ya sekunde 10 hukata tamaa, na bila kupewa nafasi ya kupumua itamaliza mara hizo tano kufumba na kufumbua. Jingine ni muda wa kuwaka. Baada ya umeme kukatika ghafla, PostgreSQL na InnoDB (injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL na MariaDB) hupitia rekodi za mabadiliko ili kurudisha data kwenye hali salama, na kwenye diski ya zamani kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Muda wa kawaida wa systemd ni sekunde 90. Kama faili la huduma umeliandika mwenyewe, weka `TimeoutStartSec=infinity`, la sivyo systemd itaiua kanzidata katikati ya kujitibu, iianzishe tena, iiue tena.

Ushahidi. `journalctl -u mariadb -b` inaonyesha yote yaliyotokea tangu kompyuta ilipowaka mara ya mwisho. Lakini kuna jambo moja la PostgreSQL kwenye Debian na Ubuntu linalopoteza saa za watu bure. Ukiandika `systemctl status postgresql` utaona:

```
Active: active (exited)
```

Mtu anaona `exited`, anadhani kanzidata imekufa, anaanza kusakinisha upya. Haijafa. Huduma ya `postgresql` ni mwamvuli tu: inaamka, inawakabidhi kazi walio chini yake, inatoka. Kanzidata halisi ni `postgresql@16-main`, na namba inabadilika kufuatana na toleo lako. Mwamvuli huo unaweza pia kuonyesha kijani wakati kanzidata halisi iko chini. Tumia `pg_lsclusters`, neno `online` au `down` kwenye safu ya hali ndilo jibu. Na kama inakataa kuwaka yenyewe ingawa kila kitu kimesajiliwa, fungua `/etc/postgresql/16/main/start.conf`: ndani yake kuna neno moja, nalo liwe `auto`, lisiwe `manual` wala `disabled`.

Mtu. Yeyote aliyefundishwa Linux ya sasa anaijua systemd. Fundi mpya akija hahitaji kukupigia simu kuuliza umeificha wapi amri ya kuwasha. Kwangu hili lina uzito kuliko mengine yote hapo juu.

## Cron na rc.local

Njia ya zamani ni kuandika mstari mmoja unaotekelezwa kompyuta inapowaka. Kwa cron, programu ya Linux ya kutekeleza amri kwa ratiba, ni `@reboot`:

```
@reboot sleep 30; /usr/local/pgsql/bin/pg_ctl start -D /usr/local/pgsql/data -l /usr/local/pgsql/logi.txt
```

Mstari huo uwe kwenye crontab (orodha ya kazi za cron) ya mtumiaji `postgres`, maana PostgreSQL inakataa kuendeshwa na `root`, msimamizi mkuu wa mfumo. `/etc/rc.local` hufanya kazi inayofanana, ila faili lisipokuwa na ruhusa ya kutekelezwa linapuuzwa.

Mpangilio. Haupo. Ile `sleep 30` ni kubahatisha: leo sekunde thelathini zinatosha, kesho diski inakaguliwa makosa baada ya umeme kukatika na hata dakika tatu hazitoshi.

Ikianguka. Imeanguka. Cron imeshamaliza kazi yake na haiangalii nyuma. Kuna upande mwingine usiotajwa mara nyingi: kompyuta inapozimwa kwa utaratibu, hakuna huduma iliyosajiliwa yenye kazi ya kuifunga hii kanzidata vizuri. Inaweza kuuawa kama vile umeme umekatika, hata siku ambayo umeme upo.

Ushahidi. Utapata kile ulichoelekeza kwenye faili la logi, basi. Cron pia inaendesha amri katika mazingira finyu, kwa hiyo amri iliyokubali ulipoiandika kwa mkono inaweza kugoma kwa sababu tu hukuandika njia kamili ya programu.

Mtu. Aliyeandika mstari ule. Mwingine atatafuta kwenye systemd, hataona kitu, na atachelewa sana kufikiria `crontab -u postgres -l`.

Hata hivyo ina mahali pake pa haki. Mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva ya maabara, asiye na `sudo` (ruhusa ya msimamizi), anaweza kujisakinishia PostgreSQL ndani ya saraka yake na kuiwasha kwa crontab yake mwenyewe bila kumsumbua msimamizi. Mashine kuukuu ambazo hazina systemd nazo hazina pa kwenda zaidi ya hapa na zile skripti za `/etc/init.d`. Kwa data ya majaribio, inatosha kabisa.

## Docker

Kama mfumo wako umekuja umefungwa kwenye kontena la Docker, yaani kifurushi kinachobeba programu na vyote inavyohitaji, kanzidata huwa ni kontena mojawapo, na kuwaka kwake kunaongozwa na sera ya kuanzisha upya:

```
docker update --restart unless-stopped kanzidata
sudo systemctl enable docker
```

Amri ya pili ni ya lazima, kwa sababu Docker yenyewe isipoamka hakuna kontena litakaloamka. Unaona basi kwamba kwenye Linux njia hii inakaa juu ya mabega ya systemd.

Tofauti ya `always` na `unless-stopped` ni hii: kontena ulilolisimamisha kwa mkono, `always` italiwasha tena Docker ikianza upya, `unless-stopped` italiacha. Ukisimamisha kanzidata ili uifanyie matengenezo, na umeme ukakatika katikati, hutaki iwake peke yake nusu ya kazi. Ndiyo sababu nachagua `unless-stopped`.

Mpangilio. Kwenye faili la Compose, linaloorodhesha makontena ya mfumo, wengi huandika `depends_on` ili programu isubiri kanzidata. Mpangilio huo unaheshimiwa unapoandika `docker compose up`. Kompyuta inapowaka upya, Docker huyaamsha makontena kwa sera zake bila kufuata foleni hiyo. Programu iliyoandikwa ijaribu kuunganisha mara moja na kufa ikishindwa itakusumbua. Iliyoandikwa kujaribu tena na tena haitakuwa na shida.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye diski, na naomba uisome polepole. Kontena rasmi la PostgreSQL likiwaka na kukuta saraka ya data iko tupu, linaunda kanzidata mpya kabisa. Siku ya kwanza hilo ni msaada. Sasa chukua data iliyo kwenye diski ya nje, `/mnt/data`, na asubuhi moja waya wake umelegea na diski haikuunganishwa. Linux inabaki na saraka tupu yenye jina lile lile. Kontena linawaka vizuri, halilalamiki, linaunda kanzidata tupu, na mfumo unafunguka bila mgonjwa hata mmoja ndani yake. Mhudumu anaanza kusajili upya. Mchana diski inaunganishwa tena, na sasa kuna kanzidata mbili, moja ina miaka mitatu ya kumbukumbu na nyingine ina asubuhi moja ya leo. Kuziunganisha ni kazi ya mkono, jina kwa jina.

Kinga ipo. Weka data kwenye saraka ndogo ndani ya diski, mfano `/mnt/data/pgdata`, na uiunganishe kwa `--mount type=bind` badala ya `-v`. Kwa `-v` Docker hujiundia saraka isiyokuwepo. Kwa `--mount` inagoma na kutoa kosa. Kugoma ndiko unakokutaka hapa.

Ikianguka. Sera ile ile inaliinua, na kila likishindwa Docker huongeza muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena.

Ushahidi. `docker ps -a` kisha `docker logs kanzidata`. Ni rahisi kusoma. Kontena likifutwa na kuundwa upya, logi za zamani zinaondoka nalo.

Mtu. Timu inayotunza matawi kadhaa yanayofanana itafurahi: faili moja la Compose, linakwenda Bahi, Chamwino na Kongwa bila kubadilika. Kwa ofisi yenye seva moja na fundi wa kupita, ni tabaka la ziada ambalo lazima mtu alielewe kabla hajafikia kanzidata.

## Huduma ya Windows

Ofisi nyingi ndogo zina kompyuta moja yenye Windows, ndiyo ya mhasibu na ndiyo seva. Sioni haja ya kuwalazimisha wahamie Linux. Ila kuna tofauti moja ya msingi kati ya programu inayowaka mtu anapoingia kwa nywila yake na huduma inayowaka kompyuta inapowaka. Kuweka njia ya mkato ya XAMPP (kifurushi kinachosakinisha seva ya tovuti na kanzidata kwa pamoja) kwenye saraka ya Startup ni ile ya kwanza. Umeme ukirudi saa kumi alfajiri na hakuna aliyeingia, kanzidata haipo, na aliyewahi dirishani atasubiri mpaka mwenye nywila afike.

Programu za kusakinisha PostgreSQL na MySQL kwa Windows huisajili huduma zenyewe, mara nyingi kwa majina kama `postgresql-x64-16` na `MySQL80`. Kwa XAMPP, fungua paneli yake kama msimamizi na uweke alama kwenye safu ya Service mbele ya MySQL. Hata hivyo waliotengeneza XAMPP wanasema wazi kwamba ni ya kujifunzia na kutengenezea programu, na `root` wa MySQL yake huja bila nywila. Kwa pesa za wanachama wa SACCOS, sakinisha MySQL au MariaDB yenyewe.

Mpangilio. Huduma inaweza kuwa Automatic au Automatic (Delayed Start). Hiyo ya pili kwa kawaida husubiri kama dakika mbili baada ya huduma nyingine kuwaka, na kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka inapunguza msongamano wa mwanzo:

```
sc.exe config MySQL80 start= delayed-auto
```

Ile nafasi baada ya alama ya `=` ni sehemu ya amri. Na andika `sc.exe` kamili, kwa sababu kwenye PowerShell ya Windows neno `sc` peke yake ni amri nyingine kabisa inayoandika kwenye faili.

Ikianguka. Fungua `services.msc`, chagua huduma, nenda kichupo cha Recovery, na uchague Restart the Service kwa mara zote tatu. Usichukulie kwamba limeshawekwa; hakikisha kwa macho yako.

Ushahidi. Event Viewer inaeleza huduma ilivyoshindwa kuwaka, lakini sababu ya ndani iko kwenye faili la makosa la kanzidata: kwa MySQL ni faili lenye mwisho wa `.err` kwenye saraka ya data, kwa PostgreSQL ni saraka ya `log`.

Mtu. Hapa Windows ina faida ya kweli. Mhasibu wa Chemba anaweza kuongozwa kwa simu: bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta MySQL, bofya kulia, Start. Kumwongoza mtu huyo huyo kwenye dirisha jeusi la Linux, herufi kwa herufi, ni kazi nyingine kabisa.

## Jaribio la kufanya kabla hujaondoka

Chukua nakala rudufu kwanza, uitoe nje ya seva. Kisha washa kompyuta upya na usiingie. Usiandike nywila, usiguse kibodi. Nenda kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, ujaribu kutoka huko: `pg_isready -h 192.168.1.10` ijibu `accepting connections`, au `mysqladmin -h 192.168.1.10 -u jina -p ping` ijibu `mysqld is alive`. Kupima ukiwa umekaa kwenye seva yenyewe hakuthibitishi lolote kuhusu ile shida ya `localhost` niliyoieleza.

Ukishafaulu hapo, na data ya kweli haijaingia bado, zima swichi ya ukutani, UPS ikiwemo. Wacha dakika chache, washa. Kama rauta nayo ilizimika, ndiyo vizuri zaidi, maana hivyo ndivyo itakavyokuwa usiku ule.

## Uchague kwa hali yako

Seva ya Linux, kanzidata iliyosakinishwa kwa `apt` au `dnf`, ofisi moja: kaa na systemd, ongeza mistari ya diski na `Restart`. Huna sababu ya kuzunguka.

Huna `sudo`, au unajifunza, au mashine ni ya zamani mno: tumia cron, na uandike kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta kwamba kanzidata inawashwa na crontab ya nani.

Mfumo umekuja na Docker na una matawi mengi: baki na Docker kwa `unless-stopped`, lakini urekebishe kwanza suala la saraka tupu. Kama ni tawi moja na hakuna mtu wa Docker karibu, kanzidata inaweza kukaa nje ya kontena chini ya systemd huku programu ikibaki ndani.

Ofisi ni ya Windows na hakuna mtu wa Linux ndani ya saa moja ya safari: tumia huduma ya Windows, Delayed Start, Recovery ikiwa imejazwa.

Data iko kwenye diski ya nje inayounganishwa kwa USB, kwa njia yoyote kati ya hizi: ihamishie kwenye diski ya ndani kwanza, ile ya nje ibaki ya nakala rudufu. Ukishindwa kabisa, systemd yenye `RequiresMountsFor` ndiyo pekee kati ya hizi nne iliyoundwa kuisubiri diski.

Na kama umeme wako hukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, kama inavyotokea siku za mvua za radi kuanzia Desemba hadi Aprili, nunua UPS kabla hujabadilisha chochote kwenye programu. Kisha rudi BIOS, uhakikishe panasoma Power On.